Darasa la Kufukuza Kunguru

Mama bado anawaambia majirani zetu wa Fizi kwamba nilijitolea, kwamba mwanawe alisimama mbele ya mupe, padre wetu, akasema niko tayari. Haikuwa hivyo. Ilikuwa vakanse kubwa, likizo yetu ndefu ya sekondari, shule za vijijini bado zinasoma, misa imekwisha, na sisi vijana tunaosoma sekondari kwa bamupe tulikuwa tumesimama karibu na mlango wa kanisa tukicheka viatu vya wenzetu. Mupe anayesimamia shule za vijijini akatoka, bado anajifuta jasho shingoni, akasema moniteri, mwalimu wa kijiji kimoja cha rasi ya Ubwari, ng'ambo ya mji wa Baraka, ameumia mguu vibaya na amelazwa. Alitaka mmoja wetu akashike darasa lake mpaka apone. Mshahara hakuna, alisema, ila chakula kipo na mahali pa kulala papo.

Ghafla kila mtu akawa na kazi. Mmoja shangazi yake mgonjwa, mwingine baba yake anajenga. Mimi nilitazama chini, kwa sababu mimi hutazama chini kila mtu mzima anaponisemesha. Mupe akaona huo ni unyenyekevu. "Huyu hapa," akasema, akaniwekea mkono begani. Nilifungua kinywa ili nieleze. Akasema, "Vizuri sana," akaenda kunywa kahawa yake.

Ndivyo nilivyojitolea.

Tulishuka Baraka juu ya lori la pamba, mimi na yeye, halafu tukavuka ghuba ya ziwa kwa mtumbwi. Njiani alinieleza mambo, na mambo yenyewe yalinitoa usingizi. Shule ile, alisema, iko karibu kufungwa. Mara mbili amefika bila kutangaza na mara mbili amekuta mabenchi matupu, moniteri amekaa na watoto wadogo wachache ambao hata kamasi hawajui kujifuta. Wakubwa wake hawataki kulisha shule isiyo na wanafunzi. Safari hii ni ya mwisho. Akikuta benchi tupu tena, shule inafungwa, na anayetaka kusoma atakwenda ile ya upande wa pili wa mlima.

"Ni mbali, mupe?" niliuliza. Nilikuwa nimejikaza tangu ufukweni mpaka katikati ya maji ili niulize hilo.

"Kwa mimi, mbali kidogo. Kwa mtoto wa miaka saba, ni kusema hasomi."

Basi fikiria mshangao wetu tulipofika. Shule ilikuwa nyumba ya udongo na nyasi, juu kidogo ya kijiji, na ilikuwa imejaa. Waliposikia mwalimu mpya anakuja walikwisha kukaa, watoto wamebanana kwenye mabenchi, wengine wamekaa chini, wawili wamening'inia dirishani kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Mupe alifurahi hata akavua kofia. Akaniambia mbele yao wote, "Hii ndiyo shule ninayotaka kuiona. Mimi nazunguka vijiji vya upande wa pili kwa miguu. Nitarudi kwa njia ya mlimani. Sitaki useme nimekuvizia kama mwizi. Chagua siku wewe mwenyewe."

Nilitazama lile darasa lililojaa mpaka dirishani. Nikafikiri, nipate muda kidogo wa kuwafundisha. Nikasema, "Alhamisi. Siyo ya juma hili linalokuja, ile inayofuata."

Darasa zima likacheka. Msichana mmoja mrefu, aliyekaa benchi la nyuma na kitambaa chekundu kichwani, alipiga makofi mara moja akasema, "Eh! Mwalimu!" kama mtu aliyeona mwenzake anakalia kiti kilichovunjika. Nilijua wanacheka sauti yangu. Sauti yangu huchekwa kila mahali. Mupe aliandika Alhamisi yake, akanywa maji, akapanda mlima na wabeba mizigo wake, na tangu hapo hapakuwa na namna ya kumpata mpaka siku hiyo.

Nilipewa chumba kwa bibi mmoja Mwislamu, mjane, kwa kuwa nyumba yake ndiyo peke yake iliyokuwa na chumba cha ziada. Yule msichana mrefu alikuwa mjukuu wake. Bibi alikuwa mfupi, mweusi sana, na alisema na watu kana kwamba wako ng'ambo ya ziwa hata wakiwa wamekaa naye mkeka mmoja. Jioni ya kwanza aliniwekea ugali wa muhogo na ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, akanitazama ninavyokula.

"We uko mutoto wa nani?"

Nikamwambia.

"Sijasikia."

Nikarudia.

"Mjukuu wangu, njoo unisikilizie huyu. Mi masikio yangu iko mizima lakini yeye anaongea na sahani."

Alinieleza pia kwa nini, yeye ambaye si Mkristo, amempeleka mjukuu wake kwa masomo ya bamupe. Magunia ya ndakala ya akina mama wa kijiji husafiri pamoja mpaka soko la Baraka, na kila mama hufunga kitambaa chake kwenye gunia lake. Kitambaa kinaanguka njiani, au kinafifia, halafu sokoni watu wazima wanavutana gunia mbele ya wageni. "Aibu ile nimechoka nayo," alisema. "Nataka mutoto aandike mbele ya gunia, hii ni ya bibi, ikaishe."

Juma la kwanza nilifundisha kwa namna ninayoijua, yaani kwa sauti ya chini. Niliandika ubaoni, nikasoma, wakarudia. Wa mbele walirudia. Wa nyuma waliniuliza kama ninawaambia siri. Yule msichana mrefu aliinua mkono kwa adabu zote akasema, "Mwalimu, samahani, mbu anazuia tusikusikie." Wakacheka mpaka mavumbi yakaruka. Lakini walikuja. Kila asubuhi benchi zilijaa, na jioni niliwasikia wakicheza nje kwenye mbalamwezi, wakiimba ba, be, bi, bo, bu, wakirukia vivuli vyao. Nililala nikiwa na furaha. Nilijiona mwalimu. Nilifanya hesabu ya Alhamisi kama mtu anayengoja arusi.

Halafu wakaanza kupungua.

Kwanza dirisha likawa tupu, nikaona ni nafuu kwa sababu hewa iliingia. Kesho yake benchi la nyuma. Siku iliyofuata walikuja wamechelewa, wamechoka, wawili wakasinzia vichwa vimeegemeana, na nywele zao zilinuka samaki. Nikasema moyoni, wamechoka nami. Sikumwuliza mtu. Hilo ndilo jambo nataka kulisema wazi hapa, kwa sababu mtu mwingine yeyote angeuliza siku ile ile. Mimi nilikuwa na hakika kwamba nikiuliza nitajibiwa, "Ni wewe, mwalimu, hatukusikii." Kwa hiyo nilinyamaza. Nilijaribu kuongeza sauti, ikakatika katikati kama sauti ya jogoo mdogo, na hata wale wachache waliobaki wakacheka, nikarudi chini.

Juma la Alhamisi ya mupe lilipoanza, nilikuwa na watoto wadogo wachache, wale wa kamasi. Mabenchi mengine yalikuwa mbao tu. Nilikaa mbele yao nikitazama ukuta na kuona jinsi itakavyokuwa: mupe amesimama mlangoni, anavaa kofia yake, anasema, "Basi." Shule iliyoishi na moniteri mwenye mguu mbovu, mimi nimeiua na miguu yangu mizima. Na yule msichana mrefu, aliyekuwa amefika kwenye kuunganisha herufi za neno bibi, asingeandika gunia lolote.

Jioni ile sikula. Bibi alisukuma sahani karibu.

"Ugali inakukosea nini?"

"Watoto hawaji," nikasema.

"Nani?"

"Watoto!" Ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka. "Watoto wamenikimbia. Hawanitaki."

Bibi aliacha kutafuna. Akamtazama mjukuu wake, na mjukuu akamtazama, wakaanza kucheka wote wawili, bibi akashika tumbo, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"We mutoto wa Fizi! Toka nje. Toka, angalia juu. Unaona mwezi?"

Nilitoka. Nyota zilikuwepo. Mwezi haukuwepo.

"Mwezi ikikufa, ndakala inaona taa ya mutumbwi, inakuja," alisema, polepole, kama anayemwambia mtoto. "Mwezi ikiwaka, ndakala inatawanyika, babaume banalala. Sasa babaume beko mu maji kila usiku. Asubuhi banatupa samaki ku mchanga, tunaanika. Na nani anaifukuza kunguru? Na mwewe? Na mbuzi ya watu? Mi? Na mugongo hii? Ni batoto, mwalimu. Batoto banakaa kule mpaka jua inaenda. Mwezi ikirudi, nabo banarudi kwako. Hawakukimbie. Nani akukimbie, we ambaye kumusikia tu ni kazi?"

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Nataka kueleza nilivyosikia, na siwezi vizuri. Ilikuwa kama mtu aliyebeba mzigo kichwani kutwa nzima, halafu akaambiwa si wake, autue. Hawakuwa wamenikimbia! Nilitamani kucheka nao. Sisi wa Fizi tunakula ndakala tangu tunazaliwa. Inatupandia mlima ndani ya magunia, imekwisha kauka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza imekaukia wapi na nani aliilinda.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Nilikumbuka Alhamisi.

"Bibi," nikasema, "siku ile nilipotaja Alhamisi..."

"Kijiji kizima kilicheka," mjukuu alidakia. "Ulichagua giza lenyewe, mwalimu! Katikati! Hata mutoto wa ziwa akiwa mulevi hawezi kuchagua ile."

Moniteri wao, kumbe, alikuwa anajua. Wiki za giza alikaa na wadogo tu, akingoja mwezi. Mara mbili zile mupe alimkuta katika wiki hizo. Hakujitetea kwa sababu, bibi alisema, mupe aliingia na hasira, na mtu mwenye hasira humwelezi mambo ya samaki.

Asubuhi niliteremka ufukweni. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kitandani, maneno mazuri, ya kuwaomba akina mama waniachie watoto Alhamisi moja tu, mpaka mupe apite. Ufukwe wote ulikuwa unang'aa. Ndakala zimetandazwa juu ya mchanga mpaka kwenye mawe, fedha tupu, na harufu ilinishika koo. Akina mama walikuwa wameinama wakizigeuza kwa fagio za matawi. Na watoto wangu walikuwepo! Wote. Wa dirishani, wa benchi la nyuma, kila mmoja na fimbo yake, wakikimbia huku na huku, kwa sababu kunguru walikuwa juu ya mitumbwi, juu ya mawe, juu ya paa, wakingoja mtu mmoja tu apumzike.

Nilisimama katikati. Akina mama wakainua vichwa kunitazama. Maneno yangu mazuri yakapotea yote.

"Mwalimu amekuja kutusalimia," mmoja alisema.

"Amekuja kusimama," bibi akajibu. Akanitia tawi mkononi. "Kama ni kusimama, simama na kazi. Upande ule hauna mutu."

Nikaenda upande ule. Kunguru mmoja akatua, akachukua ndakala mbele ya miguu yangu, akaitikisa akinitazama. Nikapunga tawi. Nikasema, "Shh. Nenda." Hakuenda. Akaja mwenzake.

"Mwalimu!" Ni yule msichana mrefu, ameshika kiuno. "Kunguru hawasikii siri!"

Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilisikia damu inapanda masikioni. Nilikasirika, na sikumbuki kama nilimkasirikia yeye au kunguru au mimi mwenyewe, lakini nilivuta pumzi mpaka chini tumboni na nikapiga kelele. Sikuwa na neno tayari. Likatoka lile nililolisema kila asubuhi mbele ya ubao:

"BA!"

Na watoto, bila kufikiri, kutoka kila pembe ya ule ufukwe, kwa mazoea tu, wakajibu kwa nguvu zao zote:

"BA! BE! BI! BO! BU!"

Kunguru wote waliruka pamoja. Hata wale wa juu ya paa. Walizunguka juu ya maji wakilalamika, hawakuthubutu kushuka.

Halafu mama mmoja akanyoosha mgongo akasema, "Rudia ile."

"MA!" nikapiga kelele.

"MA! ME! MI! MO! MU!"

"Sasa hii ni masomo," bibi alisema. "Ile ingine ya kule juu ilikuwa ya kulaza batoto."

Hivyo ndivyo shule iliteremka. Sikuwaomba akina mama waniachie watoto, na wao hawakuniomba nije. Kesho yake nilikuja tu, nikashika fimbo ya mwanzi, nikaandika kwenye mchanga uliolowa, pale maji yanapoishia, herufi kubwa kama mtu mzima aliyelala. Watoto waliandika kando yake. Kila mmoja alikuwa na upande wake wa kulinda na neno lake la kuandika, na kunguru wakikaribia, mimi naita silabi na wao wanajibu. Hesabu tulifanya kwa mafungu ya ndakala ambazo mbuzi alikuwa amezikanyaga. Mawimbi yalifuta makosa yetu, na mara nyingine yalifuta hata tulichokipata, wakalia, tukaandika tena juu zaidi. Sauti yangu ilikauka siku ya kwanza. Bibi alinichemshia tangawizi. Siku ya pili ilirudi, nene, sikuitambua.

Lakini usiku nilijua kwamba hii siyo iliyoagizwa. Mupe alitaka mabenchi yaliyojaa. Ufukwe hauna benchi hata moja.

Alhamisi alikuja kama alivyosema, kwa njia ya mlimani. Nilimwona kabla hajaniona. Kanzu nyeupe ikashuka kwenye majani makavu, ikafika shuleni, ikaingia. Ikakaa ndani muda mfupi sana, kwa sababu ndani hapakuwa na kitu cha kutazama. Ikatoka. Akasimama mlangoni na kofia kichwani, kama nilivyomwona katika mawazo yangu. Nilitaka kumkimbilia, na nilitaka pia kuingia ndani ya maji na kutembea mpaka Baraka.

Akatuona. Akateremka kwa hatua ndefu, wabeba mizigo nyuma yake wakiteleza. Akina mama waliacha kugeuza samaki.

"Shule iko wapi?" aliniuliza. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Nimekupa siku. Umeichagua wewe. Shule iko wapi?"

Nilifungua kinywa. Na ile sauti nene, ambayo ilikuwa nami tangu jana, ikaondoka. Nilitazama chini. Nilisema kitu, sijui nini, na mawimbi yakakimeza.

"Sisikii," mupe alisema.

"Mwalimu," msichana mrefu aliita kutoka upande wake, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Mwalimu, kunguru."

Walikuwa wameona kwamba tumesimama. Walikuwa wanashuka, wengi, kwenye samaki wa bibi waliotandazwa. Usiku mzima wa kazi ya watu. Sikumfikiri mupe tena. Nilimpa mgongo, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa yeyote, nikavuta pumzi.

"SA!"

"SA! SE! SI! SO! SU!"

"TA!"

"TA! TE! TI! TO! TU!"

Waliruka. Niliendelea. Niliwapeleka mpaka silabi za mwisho tulizofika, kisha maneno, samaki, taa, mama, jua, na kila neno lilirudi kutoka kwa watoto wote kwa pamoja, mpaka wabeba mizigo wa mupe wakaanza kuitika nao. Nilipogeuka, mupe alikuwa amevua kofia. Alikuwa anatazama mchanga. Alikuwa anatembea polepole, akiangalia asikanyage, siyo samaki tu, bali na herufi pia.

Alisimama mbele ya msichana mrefu. Akachukua fimbo yake, akaandika neno kwenye mchanga, kitambaa, neno ambalo sikuwafundisha. Akamwambia, "Soma."

Nilimwona anaunganisha kwa midomo. Nikashika tawi langu mpaka likavunjika.

"Ki," alisema. "Ki-ta. Hapana. Ki-ta-mba..." Akashika kitambaa chekundu cha kichwani mwake, akacheka. "Ni hii, mupe!"

Alijaribu mwingine, na mwingine. Wengine walikosa. Wadogo wa kamasi walisoma a na u na wakajivunia kama wamesoma misa. Halafu mupe akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaomba maji.

Bibi ndiye aliyempelekea. Na bibi ndiye aliyemweleza mwezi, kwa ile sauti yake ya kuvuka ziwa, kwa hiyo kijiji kizima kilisikia maelezo mara ya pili.

"Miaka yote hii," mupe alisema, "kwa nini moniteri hakuniambia?"

"Ulimuuliza? Ulifika umekasirika, ukaenda umekasirika."

Mupe alikunywa maji yote. "Mimi nakula ndakala kila Ijumaa," alisema.

"Basi ni hawa njo banakulindia."

Nilidhani atakasirika tena. Alicheka kwa pua. Akasema tatizo lake ni moja, hajui atawaelezaje wakubwa wake shule isiyo na ukuta.

"Ukuta iko kule juu," bibi alisema, akionyesha kwa kidevu. "Ukuta haikimbie. Waambie mwezi ikiwaka batoto beko ku ukuta, mwezi ikikufa beko hapa. Batoto ni bale bale."

Mupe aligeuza kofia yake mikononi. Hata mimi nilisikia kwamba kila mtu anangoja neno moja. Halikuwa la fahari lilipokuja. Alisema, "Shule inabaki." Kisha akaongeza, akinitazama mimi, "Na siku nyingine ukichagua siku, waulize kwanza."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikwenda nyuma ya mitumbwi nikakaa kwenye mchanga, nikacheka peke yangu, na machozi yalikuwepo, na kunguru mmoja alinitazama na sikumfukuza. Alikula yake.

Mupe alikula nasi mchana, akaondoka na mtumbwi wa Baraka. Mwezi ukaanza kurudi, mwembamba, tukarudi kwenye mabenchi. Nilishangaa jinsi nyumba ilivyo ndogo kwa sauti. Siku moja niliita silabi kama tuko ufukweni na wadogo wa mbele wakaziba masikio. Halafu moniteri akaja, na fimbo yake, mguu umekazwa kwa vitambaa. Aliposikia yaliyotokea alikaa benchi la mbele kama mwanafunzi, akatikisa kichwa muda mrefu, akaniambia tu, "Nilikuwa naogopa kufika hapa nikakuta mlango umefungwa." Nikamwambia hata mimi. Tukacheka wote wawili.

Wakati wa kuniaga, bibi alinipa kikapu kidogo cha ndakala kwa ajili ya mama. "Mwambie imelindwa na mwanawe," alisema. Msichana mrefu alinisindikiza mpaka kwenye mtumbwi, akaniuliza, kwa kunong'ona, jinsi ninavyonong'ona mimi, kama nitarudi. Nikamwambia sisikii. Akanipiga begani.

Kabla ya kurudi bweni nilikaa Fizi siku chache. Mama alinituma sokoni. Magunia ya ndakala yalikuwa yamepanda na lori kutoka Baraka, yamepangwa kwenye kivuli cha duka la mfanyabiashara mmoja, na kwenye moja, kwa makaa, kwa herufi kubwa zilizolala kushoto kama zinapigwa na upepo wa ziwa, iliandikwa YA BIBI. B ya pili ilikuwa imegeuka nyuma. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au naabudu.

Jioni tulikula. Baba alitafuna, akaacha, akatoa kitu kwenye jino kwa kidole.

"Mchanga," alisema. "Watu wa ziwa, kila siku mchanga. Hawajui kuanika samaki?"

"Wanajua!" nikasema.

Mama aliacha kijiko. Wadogo zangu wakageuka. Mbwa alisimama mlangoni.

"Juu ya nini unapiga kelele?" baba aliuliza. "Tuko hapa hapa."

Nikaomba samahani. Nikaweka ndakala nyingine mdomoni, mchanga ukalia menoni mwangu, nikautafuna.